Akili ni mali: Usiuze afya ya ubongo kwa bei za hisa

Watu wengi wakisikia habari za soko la hisa hufikiria mfuko. Ni wachache wanaofikiria kichwa. Lakini kila uamuzi wa kununua au kuuza hufanywa na ubongo, na ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo au figo. Huchoka, huugua, na hali yake hutegemea mambo madogo tunayoyafanya kila siku.

Zamani aliyetaka hisa alilazimika kwenda kwa dalali, kujaza fomu na kungoja. Siku hizi simu ya mkononi inatosha. Mtu anaweza kununua hisa, kubahatisha bei za fedha za kigeni au kuuza sarafu za kidijitali akiwa amelala kitandani. Matokeo yake tunayaona katika kliniki: watu wanaolalamika kuumwa na kichwa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na kusahausahau. Ukiwauliza jinsi wanavyolala, wengi hukiri kwamba jambo la mwisho wanalolitazama usiku na la kwanza asubuhi ni bei.

Makala haya hayamfundishi msomaji anunue hisa gani. Hiyo si kazi ya daktari. Yanaeleza jinsi bei zinazopanda na kushuka zinavyougusa ubongo, na mazoea yanayoweza kuulinda.

Kuwekeza na kubahatisha

Mwekezaji hununua hisa kwa sababu anaamini kampuni itafanya kazi vizuri na kugawa faida. Mbahatishaji hununua kwa sababu anatumaini bei itapanda karibuni ili amuuzie mtu mwingine. Wa kwanza anaweza kungoja. Wa pili hulazimika kuangalia bei kila mara, na hapo ndipo taabu huanzia.

Wakenya wanao mfano wao wenyewe. Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na zilipofika sokoni bei ilipanda kwa kasi. Kwa hivyo hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, watu walipanga foleni, na wengine walikopa benki ili wasiachwe nyuma. Maombi yalizidi sana hisa zilizokuwapo, na wengi walipata sehemu ndogo tu ya walizoomba. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40, na mapema mwaka 2024 ilikuwa imerudi chini ya shilingi 15.

Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kukaa na hisa zake miaka yote hiyo. Aliyekopa hakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu riba ilikuwa ikimdai kila mwezi. Hisa zilikuwa zile zile, lakini mmoja alilala na mwingine alikesha.

Ubongo ukionja faida

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz alizipima seli hizo katika nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Aliona kwamba seli zilichangamka sana nyani alipopata tuzo asiyoitarajia. Alipoizoea, zilichangamka kwa ile ishara tu ya kwamba tuzo inakuja. Na tuzo isipokuja, zilinyamaza.

Ubongo wa binadamu nao una seli za namna hiyo. Bei za hisa hazitabiriki, na faida isiyotabirika ndiyo inayozichangamsha zaidi. Ndiyo maana mtu huichukua simu mara 40 kwa siku ilhali hana nia ya kununua wala kuuza. Kamari ya pata potea humshika mtu kwa njia hiyo hiyo.

Hasara nayo ina nguvu zake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu huumia zaidi akipoteza kiasi fulani kuliko anavyofurahi akikipata. Kwa sababu hiyo wengi hukataa kuuza hisa inayoporomoka, wakitumaini kurudisha fedha zao. Wengine huongeza fedha juu ya hasara.

Hasara na usingizi

Mwili haujui tofauti kati ya simba na bei inayoanguka. Kwa vyote viwili tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli, moyo hupiga haraka na damu hupanda. Mwaka 2008 watafiti wa Cambridge walichapisha uchunguzi wao juu ya wanaume 17 waliofanya biashara ya fedha mjini London. Walipima mate yao asubuhi na alasiri kwa siku nane za kazi. Kotisoli ilipanda matokeo yao yalipoyumba na soko lilipokuwa halitabiriki.

Kotisoli kwa muda mfupi ni msaada. Ikikaa juu kwa wiki nyingi huvuruga usingizi, huongeza sukari katika damu na huathiri sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu.

Kukosa usingizi nako huharibu uamuzi. Mwaka 2011 watafiti huko Singapore waliwakesha watu usiku mmoja, kisha wakawapa michezo ya kubahatisha fedha. Usiku huo mmoja tu uliwatoa katika kujikinga na hasara na kuwaelekeza katika kutafuta faida kubwa. Kwa hivyo mtu anayekesha akilinda fedha zake anaudhoofisha ubongo anaoutegemea kuzilinda.

Shinikizo la damu ndilo linalonitia hofu zaidi. Mwalimu mstaafu mmoja alikuja kliniki akiumwa na kisogo. Damu yake ilikuwa 178 kwa 104. Alikuwa ameweka sehemu ya kiinua mgongo chake katika hisa zilizokuwa zikishuka, na kwa miezi miwili hakununua dawa zake za presha, akisema atanunua bei ikipanda. Hisa zake zingeweza kupanda tena, lakini mshipa wa ubongo ukipasuka hauna siku ya kurudi ulivyokuwa. Alikubali kurudia dawa, na mkewe akawa ndiye anayemkumbusha.

Mazoea ya kila siku

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, karibu asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zake. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu, hasa uzeeni. Lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vinaweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa mambo hayo ni shinikizo la damu, kisukari, kutofanya mazoezi, sigara, pombe nyingi, upweke, huzuni ya kupindukia na kutosikia vizuri. Mengi kati ya hayo yamo mikononi mwetu.

Kwanza, lala saa saba au zaidi. Simu ilale chumba kingine. Soko la Nairobi hufungwa saa tisa alasiri, na Jumamosi na Jumapili haliuzi kitu. Kutazama bei ya hisa zake usiku wa manane hakuongezi hata senti moja. Kahawa na chai ya rangi viishie mchana, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi.

Pili, tembea. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Shuka kwenye matatu kabla ya kituo chako umalizie kwa miguu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwafuata wazee 120. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, sehemu yao ya kumbukumbu ilikua kwa asilimia 2. Wale waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilisinyaa.

Tatu, pima damu yako. Presha haina dalili kwa wengi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, muone daktari, na ukipewa dawa usiache kwa kuwa unajisikia vizuri. Punguza chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya pakiti.

Nne, kula chakula chetu cha kawaida. Sukuma wiki, mchicha, maharagwe, ndengu, omena, karanga na matunda vinatosha. Hakuna haja ya kununua vidonge vya kuongeza akili.

Tano, usikae peke yako na hesabu zako. Zungumza na mwenzi wako au wanachama wenzako wa chama kabla ya kutoa fedha nyingi. Mazungumzo huupa ubongo kazi nzuri, na hasara iliyofichwa huumiza zaidi.

Sita, andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kununua, andika sababu na kiasi unachoweza kupoteza bila watoto kukosa karo. Kisha ngoja mpaka kesho yake asubuhi. Mwenye daftari anaweza kuangalia bei mara moja kwa wiki au mwezi, wala hatapitwa na jambo la maana. Karo, kodi ya nyumba, fedha za dawa na mikopo visiingie katika kubahatisha kabisa.

Dalili za kukupeleka kwa daktari

Mtu anayekopa kwa siri ili arudishe hasara, anayeficha simu, au anayekasirika akizuiwa, ana dalili za uraibu. Huo ni ugonjwa, si ukosefu wa adabu, na unatibika. Wanaotumia baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazofanya kazi kama dopamini wajue kwamba dawa hizo zaweza kuleta hamu kubwa ya kucheza kamari. Ikitokea hivyo, usiache dawa mwenyewe, mwambie daktari wako.

Huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, kukosa hamu ya chakula au mawazo ya kujiua baada ya hasara ni jambo la haraka. Usimwache mtu huyo peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea au maneno yakavurugika ghafla, hicho huenda ni kiharusi. Usingoje asubuhi. Kwa kiharusi cha mshipa ulioziba, dawa ya kuyeyusha damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Liko pia jambo ambalo familia nyingi hulikosea. Mzee aliyekuwa mwangalifu na fedha maisha yake yote akianza kusahau kulipa madeni, au kutoa akiba kwa kila anayemwahidi faida ya haraka, jamaa husema amekuwa mkaidi. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020, uliochambua rekodi za wazee zaidi ya 80,000, ulionyesha kwamba waliokuja kupatikana na dimenshia walianza kukosa kulipa bili zao hadi miaka sita kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kwa hivyo msimgombeze mzee. Mleteni apimwe, na mapema, wakati bado anaweza kusema mwenyewe anataka nani amsaidie kutunza shamba na akiba yake.

Kwa msomaji mwenye hisa, hakuna haja ya kuziuza kwa hofu baada ya kusoma haya. Anza usiku wa leo kwa kuiweka simu mbali na kitanda, na wiki hii nenda ukapimwe presha katika zahanati iliyo karibu nawe.