Uzamiaji: Faida imo katika daftari la fundi

WAFANYABIASHARA wa Kisanga na Mikumi, wilayani Kilosa, wanaotegemea fedha za watalii wana sababu ya kufuatilia hali ya vifaa vya kuzamia huko Unguja, Pemba na Mafia. Baadhi ya wageni wanaoshuka kwa ndege ndogo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hutokea Zanzibar, na safari za mbuga na bahari huuzwa kama bidhaa moja. Mgeni akikosa hewa chini ya maji kule Mnemba, hasara haimpati mwenye boti peke yake. Humfikia pia dereva na mwenye nyumba ya wageni huku bara.

Bidhaa kuu ya kampuni ya uzamiaji ni hewa. Hujazwa katika mtungi kwa presha ya baa 200 hivi, ambayo hakuna binadamu awezaye kuivuta moja kwa moja. Kifaa kiitwacho regulata huishusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, inayofungwa kwenye mtungi, huipunguza hadi baa 10 hivi juu ya presha ya maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, hutoa hewa pale anapovuta pumzi. Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliunda mtambo wa aina hii Ufaransa mwaka 1943, na misingi yake ni ile ile.

Kutambua hitilafu

Hewa ikitoka mfululizo bila kuvutwa, fundi hufunga geji ya presha ya kati. Mshale ukitulia mahali pake, mara nyingi tatizo liko hatua ya pili: mchanga umeingia au kiti cha vali kimelika. Mshale ukiendelea kupanda, hatua ya kwanza haifungi sawasawa na lazima ifunguliwe.

Mapovu yakitoka pale regulata inapokutana na mtungi, mshukiwa wa kwanza ni oringi, pete ya mpira yenye bei ndogo kuliko vipuri vyote. Maji yakiingia mdomoni, hukaguliwa kipande cha kung'ata, vali ya kutolea pumzi na utando wa mpira. Hewa ikiwa nzito kuvuta, hutazamwa chujio dogo la hatua ya kwanza. Rangi ya kijani huashiria kuwa maji ya chumvi yamepenya, na rangi ya kutu huashiria mtungi wa chuma unaoliwa ndani.

Kinga yake ni rahisi. Kila baada ya safari, kifuniko cha hatua ya kwanza kikaushwe na kufungwa, kisha regulata ilowekwe katika maji yasiyo na chumvi. Kitufe cha kutoa hewa kisibonyezwe ikiwa majini, kwani hufungua njia ya maji kuingia ndani. Ianikwe kivulini, maana jua huchakaza mpira.

Gharama na msimu

Watengenezaji wengi huagiza regulata ikaguliwe kila mwaka. Mitungi, kwa viwango vinavyotumika Marekani na Ulaya, hupimwa kwa presha ya maji kila baada ya miaka 5. Vipuri vya ndani hutoka ng'ambo na kila modeli ina vyake. Oringi ya pampu ya shambani inaweza kufanana kwa macho tu. Ugumu na kipimo chake ni kingine. Kampuni yenye regulata za modeli moja hufunga fedha kidogo zaidi katika akiba ya vipuri.

Tuchukue mfano. Regulata moja ikilala siku 30 za Julai na Agosti ikisubiri kipuri, kwa mizamio 2 kwa siku, mizamio 60 haijauzwa. Kazi hiyo ingefanyika wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache, isingegharimu mauzo hayo.

Kompresa nayo ina hesabu yake. Ikivuta moshi wa injini, hujaza mtungi hewa ya sumu isiyo na harufu. Kiwango cha Ulaya huruhusu monoksidi ya kaboni isiyozidi sehemu 5 katika milioni. Bomba la kuvutia hewa hukaa mbali na moshi, na machujio hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi.

Wakala wa Kisanga au Mikumi anayetaka kuuza safari ya mbuga na bahari aombe kwanza kuona kumbukumbu tatu: za regulata, za mitungi na za machujio ya kompresa. Kampuni isiyokuwa nazo haifai kupewa mgeni, hata ikishusha bei. Vilevile apange ratiba vizuri: mgeni aliyezamia zaidi ya mara moja hushauriwa kungoja saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege ya kuja Mikumi.