Ganda la komamanga na mpaka wake

Mara kwa mara, baada ya darsa, akina mama hutuuliza: je, ni kweli kwamba ganda la komamanga hukata damu? Huwajibu kuwa ni kweli, ila kwa mpaka.

Komamanga, tunda lililotajwa mara tatu katika Qur'ani Tukufu, lina ganda lenye ukakasi, mfano wa ule unaoukausha ulimi mtu anapotafuna bibo. Ukakasi huo watokana na tanini, ambazo hushikana na protini za utando wa mwili, zikaukaza na kupunguza mchuruziko wa damu. Matabibu wa Kiislamu waliijua kazi hiyo zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliandika ua la komamanga katika Al-Qanun miongoni mwa dawa za kukaza fizi na kuzuia damu. Hata leo, maji ya ganda lililochemshwa, yakishapoa, husukutuliwa na wenye fizi zinazovuja.

Lakini na tukumbuke Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipojeruhiwa usoni. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Ali alimimina maji kwa ngao, na Bibi Fatima akaiosha damu. Alipoona maji yanaizidisha, hakuyang'ang'ania. Alichoma kipande cha mkeka, akabandika majivu yake jerahani, damu ikakatika. Dawa isiyofaa aliiacha papo hapo.

Hilo ndilo funzo kwa nyumba yenye mzazi. Damu nyingi baada ya kujifungua mara nyingi hutoka katika mji wa mimba uliolegea, mahali ambapo ukakasi wa kinywaji haufiki. Damu ikitimia nusu lita, wakunga huihesabu kuwa ni hatari, na mama aweza kufariki katika muda wa saa chache. Kumkalisha kitandani akinyweshwa maji ya komamanga ni kuzipoteza saa hizo. Zaidi ya hayo, magome ya mti huo na mizizi yake yana sumu yakinywewa kwa wingi.

Basi, enyi akina baba, nauli ya usiku iwekwe kabla ya mwezi wa tisa kuingia, na jirani mwenye gari aarifiwe mapema. Ganda libaki jikoni kwa ajili ya fizi. Mama apelekwe hospitali.