Mnavu na Jamaa Zake

Akusanyaye maneno katika wilaya za Mbulu na Hanang hakosi kukutana na mnavu, ambao wengi wa bara huuita mnafu. Mboga hii huota yenyewe penye mazizi ya zamani na kandokando ya mashamba. Huko Kiirakwi, Kidatoga, Kinyaturu na Kihadzabe husemwa kwa ujirani, nazo ni lugha zisizo na nasaba moja. Basi mkusanyaji huuliza kwa Kiswahili, hupewa majina manne, akayaandika yote mbele ya jina la Kilatini Solanum nigrum, akadhani kazi imekwisha. Kumbe yamkini kila msemaji alikuwa na mmea wake moyoni. Nami niliwahi kufanya hivyo, kwa hiyo simcheki mtu.

Linnaeus alilitoa jina hilo mwaka 1753, na baadaye likabandikwa jamaa wote wa mmea huo popote walipoonekana. Lakini Philip Miller, mtunza bustani wa Chelsea, London, alikwisha kubainisha spishi tatu katika kamusi yake ya bustani ya mwaka 1768: Solanum villosum, Solanum scabrum na Solanum americanum. Zote tatu zapatikana Afrika Mashariki. Kamusi ya mkulima ilikuwa na macho kuliko nyingi za kwetu!

Jani halifai kuwa shahidi, kwani hubadilika kwa kivuli, kwa rutuba na kwa kuchumwa mara kwa mara. Yafaa kungoja tunda. Tunda la villosum likiiva huwa la rangi ya machungwa, au la manjano. La scabrum ni kubwa, huenda likapita milimita 10 kwa upana, jeusi la zambarau lisilong'aa, na majani ya mmea huo ni mapana. Ndio hupandwa zaidi bustanini. La americanum ni dogo, jeusi, linang'aa. Vikonyo vyake kwa kawaida hutoka mahali pamoja kama vijiti vya mwavuli, na vijani vilivyoshika kitako cha tunda hujikunja nyuma. Tofauti hizi si za sura tu, kwani kromosomu za americanum ni 24, za villosum 48, na za scabrum 72.

Jambo hili lina hatari yake. Matunda mabichi ya mimea hii yaweza kuwa na sumu. Kamusi isemayo kwamba tunda la mnavu ni jeusi likiiva yampoteza mwenye villosum mkononi: atadhani tunda lililoiva bado ni bichi, au kwamba mmea ule si mnavu.

Mkusanyaji na achukue tawi lenye ua na tunda, aandike rangi siku ile ile, maana hupotea likikaushwa, kisha alipeleke kwa wataalamu wa mimea pamoja na jina alilopewa na lugha ya msemaji. Kabla ya hapo, kidahizo cha mnavu kisomeke hivi: mboga ya jenasi ya Solanum, spishi zaidi ya moja.