Injini Kuukuu Hudai Pumzi Kabla ya Fedha

Je, wajua kwamba ukoo mmoja wa injini umewahi kutoa nguvu za farasi 39 na pia zaidi ya 200? Ukoo huo ni Kent, uliotengenezwa na Ford ya Uingereza. Ulianza mwaka 1959 ndani ya Ford Anglia 105E, gari dogo la familia, ukiwa na ujazo wa cc 997 na farasi 39. Mwaka 1966 mhandisi Keith Duckworth wa kampuni ya Cosworth alichukua bloku ya Kent ya Ford Cortina, akaifunika kwa kichwa kipya chenye valvu nne kwa kila silinda, akapata injini ya mashindano iliyoitwa FVA. Ujazo wake haukufika cc 1,600, lakini ilitoa zaidi ya farasi 200. Ujuzi alioupata humo ndio uliozaa DFV, injini iliyokuja kushinda mbio 155 za Formula 1.

Bloku ilikuwa ileile ya gari la kwendea kazini. Kilichobadilika ni kiasi cha hewa kilichoweza kuingia, kuungua na kutoka. Hapo ndipo penye siri ya kuongeza nguvu ya injini kuukuu, na hata mwenye mfuko mdogo anaweza kuitumia, mradi afuate utaratibu.

Gari la kuunganisha nyumbani

Kent ilipata makazi ya pekee ndani ya Lotus Seven, gari dogo la viti viwili lililobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa mwaka 1957. Wakati huo Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini gari lililouzwa kwa vipande halikutozwa. Wateja wengi wakanunua fremu, bodi, injini na magurudumu, wakaunganisha wenyewe katika gereji za nyumbani. Nafuu hiyo ya kodi iliisha mwaka 1973 Uingereza ilipoanza kutoza VAT. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kutengeneza Seven, na inaiendeleza hadi leo. Watengenezaji wengine nao waliiga umbo lake, na magari yao mengi yakafungwa injini zilizotolewa kwenye Ford Escort na Cortina ambazo bodi zake zilikuwa zimeoza.

Iliyopendwa zaidi ni Kent ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 1967 na kujulikana kama Crossflow. Humo hewa huingia upande mmoja wa kichwa na moshi hutokea upande wa pili, wakati katika Kent za awali vyote viwili vilibanana upande mmoja. Crossflow ya cc 1,599 ilipofungwa kwenye Seven ilitoa farasi 84. Mwenye gari la namna hiyo leo, ambaye hawezi kununua injini mpya, aanzie wapi?

Hesabu ya hewa

Aanzie kwenye kuelewa kwamba injini ya petroli ni pampu ya hewa. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo injini ya lita 1.6 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ingemeza lita 4,800 za hewa kila dakika, endapo silinda zingejaa sawasawa. Kwa kawaida hazijai. Chujio, kabureta, njia za kichwani, valvu na ekzosi, kila kimoja hukata sehemu yake.

Petroli nayo ina kipimo. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili yote iungue, na nguvu ya juu hupatikana petroli ikizidi kidogo, kwenye kilo 12.5 hadi 13 za hewa. Anayeweka jeti kubwa bila kuongeza hewa ataambulia moshi mweusi, plagi zenye masizi na gharama ya mafuta.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini gari linalovuta vizuri Mombasa hulegea likifika Nairobi. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, hata kama haina hitilafu yoyote.

Rudisha kwanza kilichopotea

Crossflow nyingi zina umri wa miaka 50 au zaidi. Nguvu ya bei rahisi kuliko zote ni ile iliyokuwapo ilipotoka kiwandani, ikapotea njiani.

Anza kwa kupima kompresheni. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, zungusha injini kwa stata, usome kipimo silinda moja baada ya nyingine. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, mimina humo kijiko cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi ya kichwa. Injini inayovuja hapa haistahili kununuliwa kifaa chochote cha kuongeza nguvu mpaka itibiwe.

Kisha rekebisha nafasi za valvu na taimingi. Cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu petroli huchukua muda kuungua. Katika mizunguko ya juu, Crossflow kwa kawaida hutaka cheche itangulie kwa nyuzi 30 hadi 36. Distribyuta iliyolegea, ambayo springi zake zimechoka na platini zake zimeliwa, haiwezi kushika kipimo hicho. Kuifufua, na kuweka kifaa cha elektroniki mahali pa platini, ni matumizi madogo yenye faida ya kweli. Lakini usitangulize cheche kupita kiasi ukidhani unaongeza nguvu: injini itagonga, na kugonga kukiendelea hutoboa pistoni.

Kuna ukaguzi mmoja usio na gharama hata kidogo. Mwombe mtu akanyage mafuta hadi sakafuni, nawe utazame ndani ya kabureta. Katika magari yaliyounganishwa nyumbani, pedali hutoka gari moja na kebo gari jingine, kwa hiyo si ajabu kukuta vilango vya kabureta havifunguki mpaka mwisho. Kurekebisha kebo kunaweza kurudisha nguvu ambayo mwenye gari hakuwahi kuionja.

Ekzosi na kabureta

Injini ikiwa nzima, sasa ifunguliwe pumzi. Manifoldi ya kawaida ya chuma hukusanya moshi wa silinda nne katika nafasi finyu, na msukumo wa silinda moja huizuia nyingine kutoa. Manifoldi yenye mabomba manne ya urefu unaokaribiana huitenga misukumo hiyo. Yakipangwa vizuri, moshi unaokimbia huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kuingiza hewa mpya valvu zote mbili zinapokuwa wazi kwa pamoja.

Upande wa kuingiza, kifaa kinachoheshimika tangu zamani ni jozi ya kabureta za Weber 40 DCOE. Ni nzuri, ila ni ghali. Mafundi wa Uingereza wenye bajeti ndogo wamepata njia nyingine: kabureta nne zilizotolewa kwenye pikipiki kubwa iliyokatwa spea. Kila silinda hupata kilango chake, kama ilivyo kwenye Weber, kwa sehemu ndogo ya bei. Kazi iliyobaki ni kutengeneza manifoldi ya kuziunganisha na kichwa, kubadili jeti, na kupunguza msukumo wa pampu ya petroli. Hili la mwisho si la kupuuza. Kabureta za pikipiki hazikuundwa kustahimili pampu yenye nguvu. Zikizidiwa humwaga petroli juu ya injini ya moto.

Kamshafti huuza kwa masharti

Nguvu ni zao la mambo mawili: msokoto na kasi ya mizunguko. Kamshafti kali huacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, ili silinda zijae hata injini inapokimbia sana. Inachotoa juu, hata hivyo, hukipunguza chini. Gari litakaloendeshwa mjini na barabara kuu likiwekewa kamshafti ya mashindano litatetema kwenye foleni na kukosa mvuto kila linapoondoka. Chagua isiyo kali sana, na usikilize ushauri wa wanaozitengeneza.

Crossflow ina sharti lake pia. Kamshafti imo ndani ya bloku, na vikombe vinavyosukuma fito za valvu vina nyayo pana kama uyoga, kwa hiyo haviwezi kutolewa kwa juu. Injini lazima itolewe kwenye gari na kupinduliwa. Vikombe vipya navyo huwekwa pamoja na kamshafti mpya, na injini ikiwaka mara ya kwanza huendeshwa kwa dakika kama 20 kwenye mizunguko 2,000 au zaidi bila kuachwa isinzie, ili nyuso hizo mbili zizoeane. Anayeruka hatua hiyo huweza kuipoteza kamshafti siku hiyohiyo.

Kwa mchanganyiko wa kamshafti kali kiasi na jozi ya Weber, Caterham iliuza Seven ya 1600 Sprint yenye farasi 110. Hilo ni ongezeko la karibu theluthi moja juu ya farasi 84, kwa ujazo uleule.

Kichwa kilicho bapa

Mafundi wengi wakitaka kompresheni hukimbilia kupunguza uso wa kichwa kwenye mashine. Kwa Crossflow nyingi kazi hiyo haina faida, kwa sababu uso wa kichwa ni bapa na chumba cha kuunguzia kimechimbwa juu ya pistoni. Anayetaka kompresheni zaidi abadilishe pistoni au apunguze uso wa bloku, kisha apime kwa makini nafasi kati ya valvu na pistoni. Tena faida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: kwa nadharia, kutoka 9:1 kwenda 10:1 huongeza takriban asilimia 3 tu.

Fedha ya kichwa itumike kwingine. Lainisha mikunjo ya chuma iliyoachwa na kiwanda, hasa karibu na viti vya valvu, maana hapo ndipo hewa inapobanwa zaidi. Na kichwa kikiwa nje, weka viti vigumu vya valvu za moshi. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo ilivilinda viti laini. Uingereza iliacha kuuza petroli hiyo kwa jumla mwanzoni mwa mwaka 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia mwanzoni mwa 2006.

Mpaka wa chuma

Kuna mahali pa kusimama. Nguvu zinazovuta konrodi huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka mizunguko 6,000 hadi 7,000, mzigo hupanda kwa asilimia 36. Krenki ya Crossflow ni ya chuma cha kusubu, na kuizungusha kupita 7,000 mara kwa mara ni kuitafutia mwisho. Njia salama zaidi ni kuongeza ujazo. Bloku imara ya Crossflow iitwayo 711M ikichongwa silinda hadi milimita 83.5, cc 1,599 huwa 1,700. Ndivyo Caterham ilivyopata Seven ya Supersprint yenye farasi 135. Lakini hapo umekwisha kulipia kuchonga, pistoni mpya na kufungua injini yote.

Ford yenyewe iliheshimu mpaka huo. Katika mbio ndefu za London hadi Mexico mwaka 1970, zaidi ya kilomita 25,000, iliacha kando injini zake za kamshafti mbili, ikafunga kwenye Escort Kent ya kawaida ya fito iliyoongezwa ujazo hadi takriban cc 1,850. Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakashinda. Afrika Mashariki inaujua ukoo huu pia. Peter Hughes na Billy Young walishinda Safari Rally ya 1964 kwa Cortina GT yenye Kent ya cc 1,500. Mwaka 1972 Mikkola na Palm walikuwa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, wakiwa na Escort RS1600, ambayo injini yake ya BDA ilijengwa juu ya bloku ya Kent.

Hukumu

Usisahau uzito. Ikiwa gari na dereva ni kilo 600, kuondoa kilo 30 huongeza kasi ya kuchomoka kama vile injini imepata asilimia 5 ya nguvu, bila wewe kufungua hata boliti moja ya injini.

Kwa hiyo, mwenye bajeti ndogo na ashike mpango huu: tibu injini kwanza, kisha ekzosi na kabureta, kisha kamshafti na kichwa pamoja, na ujazo uwe wa mwisho. Tenga mapema fedha ya kupeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, ambako fundi atapanga jeti na taimingi akisoma vipimo. Kifaa cha bei kubwa kisichopangwa vizuri hushindwa na kifaa cha kawaida kilichopangwa kwa ustadi. Kabla ya kununua chochote, pima ulichonacho.