Linux: Miaka minane kwa kubadili namna ya kunakili maneno

Simu za Android zinazotumiwa Goma, Bukavu ao Bunia zinaendeshwa na kiini cha Linux. Kila mara kiini hicho hunakili maneno, kama vile jina la kifaa, kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Jina likizidi nafasi iliyotengwa, herufi zinamwagika na kuharibu data za jirani. Mdukuzi anaweza kupitia hapo na kuiteka simu.

Kinga ya zamani, strlcpy, ilikata jina refu, lakini ilisoma maneno yote hadi mwisho, hata pale ambapo alama ya mwisho haipo. Mwaka wa 2015, toleo la 4.3 la Linux lilileta strscpy. Hii haivuki kipimo ilichopewa, na inatoa taarifa ya kosa jina likikatwa.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliipokea, lakini alikataa ibadilishwe kila mahali kwa mkupuo, maana mabadiliko yasiyochunguzwa huzaa makosa mapya. Strlcpy iliondolewa kabisa katika toleo la 6.8, Machi 2024.

Marekebisho ya namna hii humfikia mwenye simu kupitia masasisho. Anayeyakataa kila mara anabaki na mlango wazi.