Bomba la Maji Machafu Likiwa Bovu Katika Nyumba Mpya

Mkulima aliyevuna vizuri hupenda kujenga. Hapa Kinakomba, kando ya mto Tana, mtu huanza na kuta za matofali na mabati ya kung'aa, kisha hutia karo jikoni, bafu, na choo cha maji ndani ya nyumba. Kuta huonekana, na mabati husifiwa na kila apitaye. Bomba la maji machafu limefukiwa chini, wala hakuna mgeni anayeuliza habari zake. Mvua ya kwanza inaponyesha, harufu inaingia chumbani, maji ya karo yanakataa kushuka, na fundi amekwisha kulipwa shilingi ya mwisho na kwenda zake.

Jambo hili si geni kwa mkulima wa mradi wa maji. Tangu mifereji ya Hola ilipoanza kuchimbwa mwaka 1953, watu wamejifunza kwamba mfereji wenye bonde katikati hukusanya matope, na mfereji usio na mteremko haufikishi maji shambani. Mwaka 1989 mto Tana wenyewe ulihama mkondo wake na kuziacha pampu za Hola bila maji. Maji hayamjui mwenye nyumba, yanafuata mteremko. Basi bomba la nyumba ni mfereji mdogo uliofunikwa, na makosa yake ni yale yale.

Kosa la kwanza na kubwa ni mteremko. Bomba la inchi 4 litokalo chooni yafaa lishuke sentimita 2 na nusu katika kila mita moja. Kama tangi la choo liko mita 8 kutoka ukutani, basi mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 20 kuliko mwanzo wake. Usikubali kupimiwa kwa macho. Chukua mpira mweupe wa kupitisha maji, ule waashi wautumiao kupata usawa wa msingi, ujaze maji, kisha pima ncha zote mbili na katikati pia, maana bomba lililolegea katikati huwa na tumbo, na katika tumbo hilo uchafu hukaa.

Kosa la pili linatokana na udongo wetu. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa hata mkono wa mtoto unaingia. Bomba lililolazwa juu ya udongo huo bila kitu huvutwa huku na huku mpaka viungo vyake vinaachana. Kwa hiyo lilaze juu ya mchanga wa mto, unene wa sentimita 10, ulifunike kwa mchanga pande zote, ndipo urudishe udongo. Pale linapopita katika ukuta, acha nafasi kidogo kulizunguka, ili nyumba ikishuka lisikatike. Tena usiliache likapita karibu na mti wa mathenge. Mti huu, ambao watu wa Hola na Bura wameujua tangu miaka ya 1980, hutafuta maji kwa bidii kuliko mkulima yeyote, na kiungo chenye ufa ni karamu kwa mizizi yake.

Sasa, jambo la maana kupita yote: usiruhusu handaki lifukiwe kabla ya kujaribu bomba. Ziba mwisho wa chini kwa kizibo cha mpira, au kwa kipande cha mti kilichoviringwa nguo, kisha ujaze maji kutoka juu. Bomba la inchi 4 huchukua karibu lita 8 kwa kila mita; la mita 10 litakunywa lita 80, yaani madebe manne, na la tano ni kwa sehemu iliyosimama. Tia alama pale maji yalipofika, ungoje saa moja. Yakishuka, pita ukigusa kila kiungo kwa mkono mkavu, nawe utakipata kinachovuja. Maji hayo hayapotei. Ukimaliza yachote ukamwagilie mwembe. Kisha tia chungwa la mviringo, dogo kidogo kuliko tundu la bomba, ulisukume kwa maji. Likitoka upande wa pili, hakuna saruji wala kipande cha tofali kilichosahauliwa ndani. Fundi mwema hatachukizwa na jaribio hili. Anayechukizwa, mtazame vizuri.

Lakini huenda wewe umekwisha kuhamia, na bomba limekwisha kufukiwa. Usichimbe ua mzima kwa hasira. Kwanza angalia ni wapi panapogoma. Kama ni karo peke yake, kosa liko karibu na karo. Kama choo, bafu na karo vyote vinakwenda polepole, kosa liko katika bomba kubwa au katika tangi. Fungua vifuniko vya mashimo ya kukagulia. Shimo la juu likiwa limejaa na la chini ni kavu, kizuizi kiko kati ya hayo mawili, na hapo ndipo pa kuchimba. Kwa kutafuta mvujo, koroga buluu ya kufulia katika ndoo ya maji, uimwage chooni, kisha tazama inapotokea. Tena wakati wa kiangazi, mstari wa majani mabichi katika ua uliokauka huonyesha njia ya bomba linalovuja bila kuuliza mtu.

Harufu bila maji kurudi ni habari nyingine. Chini ya karo pana kipinda cha bomba kinachoshika maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu. Kipinda cha namna hiyo alikiandikia hati mwaka 1775 fundi wa saa wa London, Alexander Cumming, na hata leo hakijapata kitu cha kukishinda. Fundi asipokiweka, au bomba la kupumulia lisipopandishwa juu ya paa, harufu itaingia tu.

Kuna wakati pia ambapo bomba halina hatia. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, na tena ya mwaka 2024, yalionyesha kwamba mto ukipanda, tangi hujaa na maji hayana pa kwenda. Tena udongo wa mfinyanzi hunywa maji polepole mno. Chimba shimo dogo karibu na lile la kunyonya maji, ulijaze mara mbili jioni. Asubuhi ukiyakuta maji bado yamo, ujue shimo la kunyonya ndilo lenye kosa, na kubadili bomba ni kutupa fedha.

Wako watu wanaochoka na haya yote, wakalikata bomba na kulielekeza mferejini. Haifai kabisa. Watoto huoga katika mifereji hiyo, na kichocho kimejulikana katika mifereji ya Hola tangu zamani. Ugonjwa huo huishi kwa mkojo wa mtu unaoingia katika maji yenye konokono. Kipindupindu nacho kilifika katika kaunti ya Tana River mwaka 2023. Wala mvujo mdogo chini ya ardhi si jambo la kudharau. Mwaka 1854 watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, na daktari John Snow alionyesha kwamba walikunywa maji ya kisima kimoja cha Broad Street. Kisima kilipochimbuliwa baadaye, ilionekana kwamba matofali ya shimo la maji machafu ya nyumba ya jirani yameoza, nalo lilikuwa hata mita moja halifiki kutoka kisimani. Basi shimo la kunyonya maji liwe mita 30 kutoka kisima, na kama bomba lako limevuja karibu na kisima, chemsheni maji ya kunywa, mkamwite Bwana Afya ayapime.

Ukipata palipoharibika, kata kipande kibovu, usafishe ncha, utie kipande kipya kwa viungo na gundi yake. Kuzungushia mfuko wa plastiki na kupaka saruji ni kuahirisha kazi hadi masika. Na kama kosa ni mteremko, hakuna dawa ila kuling'oa na kulilaza upya.

Habari ya malipo ipatane mapema, kwa maandishi, mbele ya shahidi: sehemu ya ujira ibaki mikononi mwako mpaka msimu mmoja wa mvua upite, na katika muda huo fundi arekebishe makosa yake bila kudai ujira mwingine. Kabla handaki halijafukiwa mara ya pili, jaribu tena kwa yale madebe matano, kisha chora karatasini mahali bomba linapopita, kwa hatua kutoka pembe ya nyumba, uiweke karatasi hiyo pamoja na hati za shamba.