Werevu, Ujanja na Hila katika Semi za Pwani ya Mtwara

Mwingereza akitaka kumsifu mtu mwenye akili, aghalabu hutumia maneno ya nuru na ya makali. Husema kwamba mtu huyo anang'aa, au kwamba ni mkali mfano wa wembe. Mwanafunzi wa Mtwara au wa Mikindani anayejifunza Kiingereza huyakariri maneno hayo bila taabu, lakini akijaribu kuyarudisha katika Kiswahili neno kwa neno hujikuta amesema jambo jingine kabisa. Mzee akiambiwa kwamba mjukuu wake ni mtoto mkali, atadhani mtoto amepigana na wenzake (ingawa vijana wa siku hizi humwita mkali yeyote aliye fundi wa jambo lake). Kiswahili hupenda zaidi kuipima akili kwa uzito: mwenye kufahamu upesi ni mwepesi, na asiyefahamu ana kichwa kizito. Katika Kiingereza mambo yamekuwa kinyume, kwani mwenye kichwa chepesi huko ni mtu wa kizunguzungu au asiye na fikira thabiti.

Tofauti za namna hii huchekesha, wala hazidhuru. Zidhuruzo ni zile zinazohusu mpaka baina ya akili isifiwayo na akili iogopwayo. Kila lugha ina mpaka huo, lakini haukupita mahali pamoja katika lugha zote, na mfasiri asiyejua ulipopita aweza kumgeuza mtu mwema kuwa mwovu kwa neno moja.

Maneno makubwa ya Kiswahili katika jambo hili ni machache. Akili, busara, hekima na hila yametoka katika Kiarabu. Asili ya akili ni kufunga, kama ngamia afungwavyo mguu asipotee. Asili ya busara ni kuona. Werevu na ujanja ni maneno ya Kibantu, na hayo ndiyo yenye mashaka. Mwerevu aweza kuwa mtu wa kutegemewa, na aweza pia kuwa mtu wa kuangaliwa sana. Wafasiri wa Biblia walilijua hilo. Katika kitabu cha Mwanzo nyoka ameitwa mwerevu, maana pale anakuja kumpotosha mwanamke. Lakini katika Injili ya Mathayo, wanafunzi wanapoagizwa kufuata mfano wa nyoka, neno lililochaguliwa ni busara. Mnyama ni yule yule, ila safari hii anaigwa, haogopwi.

Mjanja amezama zaidi upande wa lawama, lakini naye hakuzama wote. Yafaa kuangalia vitenzi viwili, kuerevuka na kujanjaruka. Vyote viwili vina mnyambuliko ule ule wa kuamka na kuzinduka, yaani kutoka hali moja na kuingia nyingine. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, basi, mtu huwa mjinga kwanza, kisha hujanjaruka. Fikira hiyo haina ugeni wowote katika pwani ya kusini, ambako jando na unyago vilikuwa ndiyo mlango wa kuingilia utu uzima, na mafundisho mengi yalitolewa kwa nyimbo na mafumbo ambayo asiyefundwa hakuweza kuyafumbua. Aliyekwisha kufundwa hadanganyiki kwa urahisi. Mzee akisema kwamba kijana fulani sasa amejanjaruka, huenda hana maana nyingine ila hiyo.

Semi za kudanganya ni nyingi kuliko semi za akili, nazo zinasikika Mikindani kama zinavyosikika Unguja. Iliyo maarufu kuliko zote pengine ni kumpiga mtu changa la macho. Waingereza nao wana usemi kama huo, ila wao humfunika mtu macho kwa sufi ya kondoo. Pwani yetu haina kondoo wengi wa sufi, lakini mchanga upo tele toka Msimbati mpaka Mikindani. Tena neno lenyewe limekuzwa: halikusemwa mchanga, limesemwa changa, kwa umbo lile ambalo Kiswahili hulitumia kwa vitu vikubwa na vya kuchukiza. Katika herufi chache aliyedanganywa ametia hasira yake yote.

Nyingine ni kumvika mtu kilemba cha ukoka. Kilemba kilikuwa alama ya heshima ya masharifu, maliwali na majumbe wa pwani. Ukoka ni majani ya kulishia mifugo, na hunyauka upesi. Mwenye kuvikwa hujiona ametukuzwa, na watazamaji wanamwona amebeba majani. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni hila ya jamii hiyo hiyo. Mkono unapita, ngozi inahisi ubaridi wa chupa, lakini mafuta yamebaki ndani. Ni vigumu kupata katika Kiingereza usemi unaoeleza kwa usahihi kiasi hicho ahadi tamu isiyotoa kitu.

Katika habari za wanyama, mfasiri hujikwaa mara nyingi. Mnyama mjanja wa Ulaya hayupo katika nchi hizi, na mahali pake amewekwa mbweha, hata katika Injili, pale Herode anapotajwa kwa jina la mnyama huyo. Jina linaeleweka, uchungu wake hausikiki, kwa sababu hapana ngano za kutosha zilizomlea msomaji kumjua mbweha kwa tabia hiyo. Bundi ni msiba zaidi. Waingereza humfanya kuwa mfano wa hekima, na huku pwani akilia juu ya paa watu huwaza mauti.

Ujanja wa kwetu ni wa sungura, aliyetoka katika ngano za bara, na wa Abunuwasi, ambaye jina lake lilivuka bahari kutoka Baghdad, alikoishi mshairi Abu Nuwas zama za Harun al-Rashid. Yupo pia kima. Katika hadithi ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, papa anamchukua kima mgongoni ili moyo wake ukawe dawa ya sultani wa papa, naye kima anamwambia kwamba kima huiacha mioyo yao mitini. Kisa hiki ni cha kale katika Bara Hindi, na huko adui ni mamba. Wenye bahari wakamweka papa.

Hakuna msikilizaji anayemlaumu kima kwa uwongo huo. Sungura naye akimdanganya simba, watoto hushangilia. Akitaka kumdhulumu kobe, hushindwa mbio, na watoto hushangilia vile vile. Hapo ndipo mpaka wa Kiswahili ulipopita. Hila ya mnyonge kwa mwenye nguvu ni werevu, na hila ya mwenye nguvu kwa mnyonge ni changa la macho. Kitendo chaweza kuwa kimoja. Swali la kwanza ni nani aliyedanganywa.

Mkalimani wa mahakama ndiye aliyebeba uzito wa jambo hili. Katika utawala wa Waingereza, na miaka mingi baada ya Uhuru wa 1961, kumbukumbu za mahakama za wilaya na za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Na ichukuliwe mfano shahidi amesema kwamba mshtakiwa ni mjanja. Neno moja la Kiingereza lingemfanya kuwa mwanafunzi hodari, na jingine lingemfanya kuwa tapeli kabla ushahidi haujaisha, hali shahidi alikusudia tu kwamba si mtu wa kuonewa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za Tanzania, na neno mjanja sasa laweza kuandikwa kama lilivyotamkwa. Lakini mama aliyeteremka kutoka nyanda za juu za Makonde huenda akatoa ushahidi wake kwa Kimakonde, na mkalimani bado amesimama kando yake.